Chupa Nne, Glasi Tano

Jumamosi iliyopita, sebuleni kwangu Nairobi, niliipa wiski moja alama 4 kati ya 10. Dakika ishirini baadaye nikaipa wiski hiyo hiyo alama 9, tena kwa hotuba. Mke wangu, asiyekunywa pombe na ndiye aliyekuwa akitumiminia, alininyamazia mpaka nikamaliza.

Tulikuwa wanne: mimi, shemeji, jirani wa ghorofa ya juu na rafiki yetu mhasibu. Kila mtu alileta chupa ya singo molti, yaani wiski ya kimea cha shayiri tupu, iliyopikwa katika kiwanda kimoja. Mimi Glenfiddich ya miaka 12. Jirani Talisker ya miaka 10 kutoka kisiwa cha Skye. Mhasibu Laphroaig ya miaka 10 kutoka Islay, ambako kimea hukaushwa kwa moshi wa mboji ya vinamasini. Ukiifungua, nyumba inanuka zahanati. Shemeji, kwa kupenda makubwa, alikuja na Aberlour A'bunadh, iliyolala kwenye mapipa ya sheri na isiyopunguzwa maji kiwandani. Hiyo ina kilevi cha karibu asilimia 60.

Hatua ya kwanza ya kuonja: kuleni kwanza. Ya pili: glasi iliyobana mdomoni, kidogo tu chini. Ya tatu: nyepesi zitangulie, za moshi zije mwisho, maana ukianza na Laphroaig ulimi hauonji kitu kingine usiku huo. Maji ya kawaida, matone mawili matatu kwa mrija. Barafu wekeni kwenye soda.

Ya nne ni rangi. Kuna muuzaji mmoja mjini aliyewahi kunishikilia robo saa akiinua chupa kwenye taa: "Kaka, ona ilivyo nyeusi, huo ni umri huo!" Nikalipa. Baadaye ndipo nikajua kwamba sheria ya Uingereza ya 2009, ile inayotaka wiski ya Uskoti ikae kwenye mapipa ya mwaloni miaka isiyopungua 3, inaruhusu pia kutiwa karameli ya rangi. Tangu hapo nazungushia glasi foili ya jikoni. Yule muuzaji bado ananipungia mkono nikipita.

Hatua ya tano ilikuwa wazo la mke wangu, na hakuniuliza. Yeye huonja kahawa kazini, anavuta kwa kijiko na kutema tangu asubuhi, na ana desturi ya kujitegea: sampuli moja anaiweka mara mbili bila kujua iko wapi, aone kama atajipinga. Basi akatuambia glasi zitakuwa tano, kwamba ameongeza kitu kutoka kabatini kwangu.

Namba moja nikasema changa, inawasha koo, alama 4. Namba mbili ilikuwa moto mtupu. Hata shemeji alikohoa, ingawa alidai ni vumbi. Kisha namba tatu. Jamani! Peari, asali, ulaini wa ajabu. Nikasimama. Nikawaambia hii lazima ni ile ya miaka 18 niliyoificha nyuma ya unga, na kwamba umri hauna mbadala.

"Baba watoto," akasema, "hiyo ni namba moja."

Glenfiddich. Yangu mwenyewe. Mara ya kwanza ulimi ulikuwa haujazoea, kila pombe ingeuchoma. Mara ya pili ulikuwa umetoka kwenye asilimia 60, na hata maji ya betri yangeonekana laini. Jirani alikuwa ameipa 7, kisha 3. Shemeji 5, halafu 8, na akafuta ile 5 kwa kidole. Mhasibu aliandika 6 na 6, hakutabasamu, akaomba Talisker.

Kwa hiyo sasa glasi ya kwanza hatuipi alama. Tunaionja upya katikati. Na anayemimina asiwe mnywaji, arudie moja anayoitaka mwenyewe. Mtu akitofautiana na nafsi yake kwa zaidi ya alama 2, karatasi yake inawekwa kando, kama yangu.

Mwezi ujao ni zamu ya jirani. Ametuma ujumbe kwenye kundi: kila mtu alete chupa moja, mimi nilete Glenfiddich mbili tofauti.