Mvua Ikirudi: Maswali ya Wazazi Kuhusu Hofu za Watoto Wadogo

Mafuriko ya Machi hadi Mei 2024 yalizihamisha familia nyingi nchini Kenya, na shule zilizokuwa zifunguliwe mwishoni mwa Aprili zikafunguliwa Mei 13. Kwa mtoto wa miaka minne au mitano, nyumba, kitanda na mwalimu vilitoweka kwa mpigo mmoja. Maji hupungua mapema, hofu hukawia.

Mbona ameanza tena kukojoa kitandani?

Huenda ana wasiwasi ambao hana maneno ya kuueleza. Wengine hurudia kunyonya kidole, huumwa na tumbo kila wingu likitanda, humng'ang'ania mama hata akienda chooni, au hukataa kuvua viatu usiku ili wawe tayari kukimbia. Huo si ukorofi wala kudeka. Ukimwita kikojozi mbele ya ndugu zake unamwongezea mzigo. Mbadilishie nguo, tandika shuka kavu, mlaze.

Tumwambie ukweli?

Ndiyo, kwa maneno machache anayoyaelewa. Ukinyamaza, atajitungia majibu mwenyewe, na watoto wa umri huu ni wepesi kuamini kwamba balaa limeletwa na utundu wao. Mwambie waziwazi kuwa si kosa lake. Aliyefariki asemwe kuwa amefariki: mtoto aliyeambiwa nyanya amesafiri atamngoja, na aliyeambiwa amelala huenda akaogopa kulala.

Usimwahidi kwamba maji hayatarudi, kwa maana masika huja kila mwaka. Ahidi unaloweza kulitimiza: "Maji yakipanda, tutaenda sote kule juu kanisani. Nitakushika mkono." Kisha nendeni huko siku ya jua, bila haraka, aijue njia.

Kila siku anacheza mafuriko. Nimkataze?

La, mwache. Anajaza maji kwenye karai, anazamisha vifuniko vya soda, anaviokoa, anaanza upya. Kwa mchezo huo anajaribu kulielewa jambo lililomzidi nguvu. Kaa karibu naye. Ukiona kila mara wote wanazama na yeye anazidi kuogopa, muulize: "Nani anakuja kuwasaidia hawa?" Mara nyingi atamleta mwokoaji mwenyewe.

Cha kukataza ni video za maafa kwenye simu na televisheni. Mtoto mdogo akiiona picha ile ile mara kumi, anaweza kudhani mto umefurika mara kumi.

Na kama sisi wazazi wenyewe hatujatulia?

Msimbebeshe wasiwasi wenu: kodi na deni zungumzieni mbali na masikio yake. Hata mkiwa kambini baada ya kuhama, mpeni utaratibu aliouzoea: uji uwe kwa saa ile ile na hadithi iwepo kabla ya kulala.

Tutafute msaada lini?

Hofu nyingi hupungua maisha yakitulia. Zikidumu zaidi ya mwezi hivi, au akiacha kula, kulala, kucheza au kuzungumza, mpeleke kituo cha afya. Kenya na Tanzania zina simu ya msaada kwa watoto, 116, isiyo na malipo; mzazi naye anaweza kuipiga.