Kuchagua Intafesi ya Sauti kwa Kompyuta ya Linux: Mwongozo kwa Studio za Mishomoroni

Mwongozo huu ni wa wenye studio ndogo za Mishomoroni, na Kisauni kwa jumla, wanaorekodi kwa kompyuta ya Linux wakitumia programu huria kama Ardour.

Kabla ya kuuliza bei, hesabu sauti zitakazoingia kwa wakati mmoja. Msomaji wa kasida na mpiga tari watatosheka na matundu mawili ya maikrofoni. Kundi la taarabu lenye udi, fidla, kinanda, dumbaki, mwimbaji na waitikiaji linataka manane, maana taarabu hunoga wapigaji wakipiga pamoja. Usiifikie idadi hiyo kwa kuunganisha intafesi mbili za bei nafuu. Kila moja hufuata saa yake ya ndani. Saa hizo zikitofautiana kwa sehemu 50 tu katika milioni, baada ya dakika 10 upande mmoja utakuwa umeachwa nyuma kwa milisekunde 30, na dumbaki litapishana na udi waziwazi. Nyimbo zetu ni ndefu. Kasoro hii itakufika. Nunua moja yenye matundu manane, kama Behringer UMC1820, au yenye mlango wa ADAT, ambao kwa 48 kHz huongeza njia 8 zinazofuata saa moja.

Hakikisha pia chombo kinafuata kanuni ya jumla ya sauti za USB, ili Linux ikitambue bila draiva ya kampuni. Behringer UMC404HD na MOTU M2 ni za namna hiyo. Jihadhari na chombo ambacho mipangilio yake hubadilishwa kwa programu ya Windows au Mac pekee: chenye vifundo na swichi za mkono ni salama zaidi, hasa swichi ya volti 48 za maikrofoni za kondensa.

Nenda dukani na laptopu yako. Chomeka chombo, andika arecord -l, na jina lake likitokea rekodi dakika chache, kisha sikiliza kwa hedifoni. Muuzaji akikataa ujaribu, nenda kwa mwingine.

Biti 24 na 48 kHz zatosha. 192 kHz hujaza diski bure. Rekodi kwa wastani wa -18 dBFS, usikaribie taa nyekundu. Bafa ya sampuli 128 huchelewesha sauti kwa takriban milisekunde 2.7, na mwimbaji hatasumbuka. Pesa itakayobaki inunue maikrofoni bora na mapazia mazito.