Fotei ya Baba Haijafa Bado



Likizo inakaribia. Wengi wetu tutakuta nyumbani fotei iliyozama katikati, kitambaa kimepasuka, na mama anasema ipasuliwe kuni. Tunaomba mungojee kwanza. Kama mbao zake ziko nguvu, ni nguo tu iliyokufa. Bei ya fotei mpya inaweza kukula minervali ya mtoto, na sisi wote tunajua namna gani mtu anarudishwa nyumbani kwa sababu ya minervali.

Mbele ya yote, mutoe fotei inje. Angalieni mishono na pembe: madoadoa meusi ni mavi ya kunguni. Kama wako, nyasi au pamba ya ndani ichomwe mbali na nyumba, na maji yanayochemka yamwagwe katika nyufa zote za mbao. Kisha fotei ikauke kwa jua. Sasa tu ndipo mutie kole kwenye miguu inayocheza, maana maji ya moto yanaharibu kole.

Nguo ya zamani musiipasue. Ngoeni misumari moja moja kwa turnevisi na pensi, na muandike namba juu ya kila kipande: 1, 2, 3, namna kinavyotoka. Vipande hivyo ndivyo patro ya kukatia nguo mpya. Anayevitupa atakata kwa kubahatisha, na kitambaa kitapungua mwishoni.

Kazi kubwa iko chini, pale pasipoonekana. Kateni mupira wa ndani wa gurudumu la motokari, kanda za upana wa sentimeta 5. Zivuteni sana na kuzisuka juu-chini, juu-chini, kama kitunga. Mwisho wa kila kanda ukunjwe mara mbili na kupigwa misumari tena, kama sivyo utapasuka. Fotei ya resori inaomba uvumilivu zaidi: kamba inatoka mbele mpaka nyuma, kuume mpaka kushoto, kisha pembe kwa pembe, na kila resori inapata vifundo 8 juu ya duara yake. Wenye haraka wanafunga vifundo 4, na resori inalala upande mmoja.

Juu yake tandikeni gunia, ili sponji isikatwe na chuma. Kwa kuchagua sponji, ikandamizeni kwa ngumi; ile isiyorudi upesi muiache sokoni. Kwa kikalio, sentimeta 10 inatosha.

Nguo mpya ipigwe msumari mmoja katikati ya kila upande, kwanza mbele na nyuma, kisha kuume na kushoto. Kutoka hapo mwende polepole kuelekea pembe, mukivuta. Anayeanza kwa pembe atapata mikunjo. Skai inafutika vizuri kwa wenye watoto wadogo, lakini wakati wa joto inashika mgongo.

Jambo moja tunalisema kwa nguvu: sponji inashika moto upesi sana, na moshi wake ni sumu. Wakati kurenti inapokatika, musiweke mshumaa juu ya mkono wa fotei, hata dakika moja. Mabaki ya sponji vilevile yasitumiwe kuwashia mbabula.

Jumamosi, kisha kazi ya mikono, tutafungua fotei mbili za sale ya kusoma. Wenye nyundo wazilete. Misumari iliyonyooka ya zamani tutaitumia tena.