Namna Chuo Kinavyoamua Nani Apewe Kompyuta Ipi

Katika chuo cha umma nchini Tanzania, swali la nani apewe kompyuta ipi hujibiwa miezi mingi kabla ya kifaa chenyewe kufika, kwa sababu mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai na kila taasisi ya umma hutakiwa kuwa na mpango wa ununuzi wa mwaka, yaani orodha ya mahitaji yote yatakayonunuliwa pamoja na makadirio ya gharama zake. Idara tumizi, ambayo ndiyo itakayokitumia kifaa, hutaja hitaji lake. Kitengo cha TEHAMA huligeuza hitaji hilo kuwa maelezo ya kiufundi. Kitengo cha usimamizi wa ununuzi huliingiza katika NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma. Na afisa masuuli, ambaye kwa kawaida ni mkuu wa chuo, hubeba dhamana ya fedha zitakazotumika. Mambo huharibika mara nyingi katika hatua ya kwanza, pale idara inapoandika tu kwamba inataka kompyuta mpakato 10 bila kueleza ni za kazi gani, na kuanzia hapo kila ofisi inayofuata hubaki kukisia.

Kigezo kinachostahili kutawala ni kazi, wala si cheo. Bado viko vyuo ambavyo mashine mpya yenye nguvu kuliko zote huwekwa mezani kwa kiongozi anayesoma barua pepe na kutia saini nyaraka, huku mkufunzi wa upimaji ardhi akirithi ile iliyokwisha kuchoka. Hasara ya desturi hiyo huwaangukia wanafunzi. ArcGIS Pro, programu ya kutengeneza na kuchambua ramani, hufanya kazi kwenye Windows pekee, huhitaji RAM isiyopungua GB 8 (RAM ni kumbukumbu inayoshikilia kazi inayoendelea wakati kompyuta imewashwa), na watengenezaji wake hupendekeza GB 32. Mkufunzi aliyepewa mashine ya GB 4 hana namna ya kuifundisha, na kipindi cha vitendo hugeuka kipindi cha nadharia. Mhasibu na msajili wana hali tofauti kabisa, kwa kuwa mifumo wanayoitumia kutwa, kama vile MUSE ya malipo ya Serikali, hufunguliwa ndani ya kivinjari na haidai prosesa ya bei kubwa. Wanachohitaji ni skrini pana inayowawezesha kulinganisha nyaraka mbili bila kuumiza macho, mtandao wa waya usiokatika, na UPS, betri inayoshikilia umeme kwa dakika chache ili kazi ihifadhiwe umeme unapokatika.

Uchaguzi kati ya kompyuta ya mezani na kompyuta mpakato nao huamuliwa na mienendo ya kazi. Mkufunzi anayehama darasa baada ya darasa anahitaji mpakato nyepesi yenye betri ya kutosha na tundu la HDMI la kuunganisha projekta, jambo dogo ambalo likisahauliwa katika maelezo ya kiufundi huwalazimu wakufunzi kununua viunganishi kwa fedha zao. Kwa mfanyakazi asiyeondoka ofisini, kompyuta ya mezani hubaki kuwa chaguo bora, kwani si rahisi kuibwa, vipuri vyake hubadilishwa kwa urahisi, na RAM yake huweza kuongezwa baadaye. Mpakato nyingi nyembamba za siku hizi zina RAM iliyochomelewa kwenye ubao mama, hivyo kiasi kilichonunuliwa siku ya kwanza ndicho kitakachotumika hadi mashine istaafu.

Umri wa kompyuta unadai nidhamu kubwa zaidi. Microsoft iliacha kuitolea Windows 10 masasisho ya bure ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0, sehemu inayotunza funguo za usimbaji ndani ya mashine, pamoja na prosesa ambazo kompyuta nyingi za zamani hazina. Chuo kilichonunua mashine zake zote kwa mkupuo mmoja hujikuta zimepitwa na wakati zote kwa pamoja. Ni afadhali kugawa ununuzi kwa mzunguko, kiasi kwamba chuo chenye kompyuta 200 kilichoamua kila moja itumike miaka 4 hubadilisha 50 kila mwaka, kikianza na zenye kazi nzito. Zile zinazotolewa huko, ikiwa bado zinapokea masasisho, zaweza kuhamia kwenye kazi nyepesi.

Taratibu za ununuzi wa umma hazikusudii zabuni iandikwe kwa ajili ya chapa moja, na pale jina linapolazimika kutajwa huongezwa maneno yanayoruhusu bidhaa inayolingana nayo. Hata hivyo, maelezo ya kiufundi yanaweza kudai waranti ya miaka 3 na fundi anayepatikana nchini, na yanapaswa kudai hivyo, kwa kuwa mashine ya bei ya chini isiyo na vipuri hugeuka mzigo mapema.

Baada ya makabidhiano, kifaa huandikwa katika daftari la mali kwa namba yake na jina la anayekitumia, na mpakato inayobeba matokeo ya mitihani au taarifa za mishahara husimbwa diski yake, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakitaka chuo kuzilinda taarifa hizo. Wajibu huo hauishi kifaa kinapochakaa: diski hufutwa kikamilifu kabla mashine haijauzwa au kugawiwa.

Wakuu wa idara, basi, wakae na wafanyakazi wao kabla bajeti haijafungwa, waandike kila mmoja anafanya kazi gani, kwa programu zipi na mahali gani, kisha orodha hiyo waikabidhi kitengo cha TEHAMA mapema. Fundi asiyeelezwa kazi hawezi kulaumiwa kwa kifaa kisichofaa.