MSAMIATI WA GEREJI NA BEI YA NENO MOJA

Mwaka huu sikutaka kuandika juu ya methali wala tashbihi, maana wenzangu wameziandika na kuzimaliza. Nataka tujifunze msamiati wa gereji. Najua kuna atakayecheka na kusema, "Hayo ni ya mafundi, mimi nitakuwa daktari." Cheka, ndugu yangu, lakini usome hadi mwisho. Somo hili lilipatikana kwa gharama, na aliyelipa si mimi.

KISA CHENYEWE

Kwetu ni upande wa Litein, na Baba ni mkulima mdogo wa chai. Bonasi ya mwaka mmoja ilipokuwa nzuri, alinunua gari dogo lililokwisha kutumiwa na wengine. Gari hilo lilibeba maziwa asubuhi, mboga za Mama siku ya soko, na usiku lilibeba wagonjwa wa kijiji kizima. Tulilipenda mno. Ila lilikuwa na tabia moja: mvua ikinyesha siku mbili mfululizo, halikubali kuwaka. Baba angezungusha ufunguo, likatoa mlio mmoja tu, "tik!", kisha kimya kama maji mtungini. Nanyi mnajua kwetu mvua haingoji kualikwa. Watoto wa jirani wakalibandika jina la "Tusukume".

Siku moja Baba alichoka. Akasema, "Hawa mafundi wa barabarani watanimaliza. Nitalipeleka kwa wakala wa kampuni yenyewe, kule kwenye mashine." Jina la wakala na la mji nayaweka kapuni. Alirudi jioni akiwa na betri mpya, plagi mpya, na ankara ya Sh. 23,400. Pamoja na ankara alipewa karatasi mbili za Kiingereza zilizoeleza kazi iliyofanywa.

"Si wewe ndiye msomi wa hapa?" akaniambia. "Hebu nisomee."

Nikajikohoza kama mtangazaji wa redio. Nilisoma vizuri mpaka mwisho wa karatasi ya pili, palipokuwa na mstari mmoja mdogo. Walipendekeza kitu fulani kisafishwe na kukazwa, na neno lililotumika ni "earth". Nilijua maana yake tangu shule ya msingi. "Hapa wanasema ardhi, Baba. Nafikiri wanalalamika kwamba ardhi ya kwetu ina matope mengi, tuwe tunaliosha gari." Baba akacheka sana. "Sasa wanataka nihame?" Karatasi ikaingia kwenye droo.

Baada ya wiki tatu, "tik!" Baba akarudi kwa wakala. Safari hii walibadilisha alteneta, Sh. 41,600. Jumla ikawa Sh. 65,000. Pesa hizo zilikuwa za dada yangu, aliyekuwa amepata barua ya kujiunga na chuo cha ualimu. Dada alibaki nyumbani muhula mzima akichuma chai, majani mawili na kichipukizi, kikapu mgongoni. Hakulalamika hata siku moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Mvua ikanyesha tena, na gari likakataa tena. Mara ya tatu wakala alisema kompyuta ya gari ndiyo mbovu, na makadirio yalikuwa Sh. 88,000. Baba hakujibu neno. Alilifunga gari kwa kamba nyuma ya pikapu ya jirani, likavutwa hadi nyumbani kama ng'ombe anayepelekwa mnadani.

Ndipo tukamwita fundi mmoja wa pale sokoni Litein. Kabla ya kufungua boneti, aliuliza kama kuna karatasi zozote. Nikazitoa kwenye droo. Alisoma polepole, kidole kikifuata mistari, halafu kikasimama pale chini kabisa.

"Mzee, hapa wameandika athi isafishwe na ikazwe. Ilisafishwa?"

"Athi gani?" Baba akauliza.

Fundi alifungua boneti, akaonyesha waya mnene uliotoka kwenye betri na kufungwa kwa nati kwenye bodi ya gari, chini, mahali matope yanaporukia. Nati ilikuwa imeliwa na kutu hata haikujulikana kama ni chuma. Akaifungua, akapiga msasa mpaka chuma kikang'aa, akaweka nati mpya, akaikaza, akapaka grisi. Gari likawaka mara moja. Akadai Sh. 500.

"Lakini Mzee, nani alikusomea hizi karatasi?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, ardhi ile ile niliyoitafsiri. Baba alinitupia jicho, akasema, "Tulisoma sote." Hakuongeza neno, wala hajaongeza hadi leo.

ATHI NI NINI?

Umeme wa gari hutoka kwenye betri, ukafanya kazi, na ni lazima urudi kwenye betri ili mzunguko ukamilike. Njia yake ya kurudi ni bodi ya gari yenyewe, na waya unaounganisha bodi na betri ndio mafundi huuita athi. Neno hili wamelitohoa kutoka Kiingereza. Kutu ikiingia kwenye kiungo hicho, umeme hupita kwa shida. Taa ndogo zinaweza kuwaka vizuri, lakini stata, ambayo huvuta umeme mwingi kuliko kifaa kingine chochote garini, hushindwa kuzunguka. Betri nzima iliyotulia husoma kama volti 12.6, na injini ikiwaka huku alteneta ikichaji, kipimo hupanda hadi kati ya 13.5 na 14.5. Athi ikiwa mbovu, vipimo huyumba, na ni rahisi kuilaumu betri, alteneta au hata kompyuta bure. Kwa hiyo sisemi wakala alikuwa mwizi. Aliandika ukweli, ila aliuandika chini kabisa, kwa maneno tusiyoyajua, na hakuna aliyetueleza.

NGELI ZA VITU VYA GARI

Sasa tuingie darasani. Wengi wetu husema "gari hii imekufa". Katika mazungumzo tunaelewana, lakini kwenye mtihani mwalimu atakukata alama.

LI-YA: gari hili, magari haya, tairi limepasuka, matairi yamepasuka.
I-ZI: injini, betri, plagi, breki, klachi, gia, stata na alteneta. Breki imeisha, breki zimeisha.
U-ZI: waya umekatika, nyaya zimekatika, ufunguo umepotea, funguo zimepotea.
U-I: mkanda wa feni umelegea, mikanda imelegea.
KI-VI: kioo kimevunjika, vioo vimevunjika; kipuri kimoja, vipuri vingi. Vipuri ndivyo tunavyoviita spea.

MANENO HAYA YALITOKA WAPI?

Neno hufuata kitu. "Gari" lilitoka Uhindi, "karakana" ni la Kiajemi, na "parafujo" lilikuja na Wareno. "Usukani" lilikuwa neno la mabaharia kabla ya dereva wa kwanza kuzaliwa. Jahazi lilikuwa na usukani, na gari lilipofika likarithi. Injini, betri, spana na jeki yametoka kwa Waingereza. Tungekuwa tunaunda magari wenyewe, huenda tungekuwa na majina yetu. Kenya ilijaribu. Mwaka wa 1986 Rais Moi alikiomba Chuo Kikuu cha Nairobi kishughulikie uundaji wa gari la Kenya, na mwaka wa 1990 magari ya Nyayo Pioneer yalionyeshwa pale Kasarani. Hayakufikia hatua ya kuuzwa kwa wananchi. Basi vyuma tunanunua kutoka nje, na majina yake yanakuja ndani ya katoni hiyo hiyo.

MANENO YA PESA

Haya ndiyo muhimu zaidi, maana ukikosea jina la kipuri fundi atakusahihisha, lakini ukikosea haya hakuna atakayekusahihisha.

Hitilafu ni ubovu wenyewe. Makadirio ni gharama inayotajwa kabla ya kazi. Idhini ni ruhusa yako ya kuanza kazi. Ufundi ni malipo ya mikono ya fundi, tofauti na bei ya vipuri. Ankara ni hati ya kudai pesa, nayo stakabadhi ni hati ya kuthibitisha umelipa. Usizichanganye. Dhamana ni ahadi kwamba kazi ikiharibika ndani ya muda fulani itarudiwa bila malipo.

Maneno haya yana nguvu ya sheria nyuma yake. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, na haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike nazo. Sheria ya kulinda wanunuzi na watumiaji ya mwaka wa 2012 ina sehemu nzima juu ya ukarabati wa magari: inazungumzia makadirio, idhini ya mwenye gari, na kurudishiwa vipuri vilivyotolewa. Sisi hatukuomba alteneta ya zamani. Hadi leo hatujui kama ilikuwa mbovu au nzima.

Kwa hivyo mzazi wako akienda gereji, iwe ya wakala au ya jua kali, mwandikie maswali haya manne kwenye kikaratasi:
1. Hitilafu ni gani, na mmeijuaje?
2. Vipuri ni bei gani, na ufundi ni bei gani?
3. Je, kuna jambo dogo la bei nafuu la kuangalia kwanza?
4. Vipuri vya zamani viko wapi?

Na wewe msomaji wake, ukifika penye neno usilolijua, sema hulijui. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni ule wangu, wa kulijua neno nusu na kulisoma kwa sauti kubwa.

Tusukume sasa haisukumwi, ingawa jina limekataa kutoka. Dada alijiunga na chuo muhula uliofuata. Alipokuwa akifunga sanduku alinichekesha kwa kuniuliza, "Na barua yangu ya chuo, uliisoma yote mpaka chini?" Nikaichukua, nikaisoma upya, mstari hadi mstari.

ZOEZI

(a) Andika katika wingi: Waya umeliwa na kutu, kipuri kimepotea, na gari limezima.
(b) Eleza tofauti kati ya ankara na stakabadhi.
(c) Muulize fundi aliye karibu nanyi majina matano ya sehemu za gari ambayo hayamo humu, utaje ngeli zake, uyalete chamani. Tutayaorodhesha katika toleo lijalo.

Kwa hayo machache naituliza kalamu yangu. Wenzangu wa Kericho na Bomet, likizo njema, na barabara za kwetu ziwe kavu. Kiswahili kitukuzwe!