Sadaharu Oh: Nusu ya Hadithi Niliyoiacha

Utakumbuka mjadala wa chama chetu muhula uliopita: je, mchezaji hodari hufaa kuwa kocha? Mimi nilikuwa upande wa wapinzani. Nilimtaja Mjapani mmoja, Sadaharu Oh, makofi yakapigwa, tukashinda. Kumbe nilikuwa nimesoma nusu tu ya habari zake! Tangu siku hiyo jambo hili limenikera, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Kwanza mchezo wenyewe. Besiboli inafanana na ule mchezo wa raunda tuliocheza shule ya msingi. Mrushaji anarusha mpira, mpigaji ana gongo, kisha anakimbia kutoka kituo hadi kituo. Akikosa mara tatu, anatoka. Akiupiga ukavuka ua kabisa, anazunguka vituo vyote kwa raha zake, wala hakuna wa kumfukuza. Na mrushaji akirusha mipira minne nje ya eneo la kupigwa, mpigaji anapewa kituo cha kwanza bure. Hiyo mipira minne uiweke akilini, tutairudia.

Oh alizaliwa Tokyo mwaka 1940, baba Mchina, mama Mjapani. Alijiunga na Yomiuri Giants mwaka 1959 kama mrushaji, wakamgeuza awe mpigaji. Jameni, alianza vibaya! Mara 26 za kwanza hakupata pigo hata moja. Jina lake la ukoo huandikwa kwa alama yenye maana ya mfalme, basi watazamaji wakampa cheo: mfalme wa kukosa.

Aliyemtoa hapo ni kocha wa wapigaji, Hiroshi Arakawa. Aliona kwamba gongo la Oh linachelewa. Mwaka 1962 akamfundisha kusimama kwa mguu wa kushoto peke yake, wa kulia ukiwa juu, kama korongo majini. Hebu jaribu kusimama hivyo huku mpira unakujia kwa kasi! Ili kutuliza mwili, Oh alifanya mazoezi kwa upanga, akikata karatasi iliyoning'inizwa kutoka darini. (Karatasi haina uzito, ukiipiga kwa nguvu bila shabaha inapeperuka tu.) Mwaka huohuo alivusha mipira 38, akawa wa kwanza katika ligi yake, na hakuna aliyempokonya nafasi hiyo kwa miaka 13 mfululizo. Mwaka 1964 akavusha 55 kwa msimu mmoja. Tarehe 3 Septemba 1977 akafikisha 756, akampita Hank Aaron wa Marekani. Alipostaafu mwaka 1980 alikuwa na 868.

Sasa ukocha. Aliwaongoza Giants kuanzia 1984 hadi 1988. Alitwaa ligi mara moja tu, mwaka 1987, halafu akashindwa na Seibu katika fainali ya Japani. Akaondoka. Hapo ndipo hotuba yangu ilipokomea, na hapo ndipo mlipopiga makofi.

Lakini mwaka 1995 alirudi, safari hii kwa Daiei Hawks wa Fukuoka, kule kusini. Timu ilikuwa mbovu. Mwaka 1996 mashabiki wao wenyewe walilirushia mayai basi la timu, naye Oh akiwa ndani, mtu wa mipira 868! Msimu huo wakaishia mkiani. Mimi ningefunga virago. Yeye alibaki, na mwaka 1999 Hawks wakawa mabingwa wa Japani, ubingwa ambao klabu hiyo ilikuwa haijauona tangu 1964. Mwaka 2003 wakautwaa tena. Machi 2006 aliongoza timu ya taifa kushinda mashindano ya kwanza ya besiboli ya dunia, wakiifunga Kuba 10-6 katika fainali. Julai mwaka huohuo akaondolewa tumbo kwa upasuaji kwa sababu ya saratani. Msimu wa 2007 alikuwa kazini tena, akaacha ukocha mwishoni mwa 2008.

Kwa hiyo ushahidi wangu ulikuwa bandia? La, si wote. Turudi kwenye ile mipira minne. Mwaka 1985 Mmarekani Randy Bass alikuwa na mipira 54, akabakisha mechi dhidi ya Giants wa Oh. Warushaji wakamrushia mbali, mara mipira minne, mara mipira minne. Mwaka 2001 Tuffy Rhodes alifikisha 55, akakutana na Hawks wa Oh: yaleyale. Mwaka 2002 Alex Cabrera naye hivyohivyo. Oh alisema hakutoa amri. Sawa, lakini kocha anayeweza kukaa katika basi lenye mayai miaka mitatu hadi akabe kombe, alishindwaje kumwambia mrushaji wake, "Mrushie mtu mpira apige"? Rekodi ilivunjwa mwaka 2013, Wladimir Balentien alipovusha 60, na Oh hakuwa tena kocha.

Basi wenzangu wa upande wa pili, mkiomba mjadala urudiwe sitakataa. Nawapa mwaka 1999, nawapa na 2003. Hiyo mipira minne niachieni mimi.