Taarifa Moja, Macho Mengi: Funzo kutoka Mpaka wa Tunduma

Vimelea vya kipindupindu huweza kukaa mwilini kati ya saa 12 na siku 5 kabla ya dalili kujitokeza. Kwa hiyo dereva wa lori aliyekunywa maji machafu Nakonde, Zambia, anaweza kuvuka Tunduma akiwa mzima na kuugua akiwa amekwisha kuipita Vwawa. Ili jamii ikingwe, taarifa yake haina budi kwenda kasi kuliko lori.

Zamani zahanati ilijumlisha takwimu za vitabu vya MTUHA kwa mkono kila mwisho wa mwezi. Karatasi ilipanda wilayani, kisha mkoani, kisha wizarani. Kila ngazi ilingoja ya chini yake imalize. Mfumo wa DHIS2, ulioanzia Chuo Kikuu cha Oslo na kuenea Tanzania katika muongo uliopita, umevunja foleni hiyo: kilichoingizwa wilayani husomwa mkoani na wizarani papo hapo. Magonjwa ya kutolewa taarifa haraka huweza kuripotiwa hata kwa simu ya mkononi.

Hata hivyo, programu hubadili wajibu pamoja na mwendo. Karatasi ilikuwa na mpokeaji mmoja, naye akijulikana. Taarifa inayoonekana na ofisi tatu kwa pamoja huweza kuachwa na zote, kila moja ikidhani mwenzake ameshughulika. Dawa yake ni kumtaja kwa cheo mtu wa kuchukua hatua, pamoja na msaidizi wake.

Mpaka nao una somo lake. Tangu 2019, Kituo cha Huduma kwa Pamoja kimewawezesha maafisa wa nchi mbili kuwahudumia wasafiri mahali pamoja. Zambia nayo hutumia DHIS2, lakini kila nchi huendesha mfumo wake. Kufanana kwa programu si kushirikiana kwa taarifa. Bado afisa afya wa Tunduma anahitaji kumjua mwenzake wa Nakonde na kumpigia simu.

Katika kikao chenu kijacho, jadilini:

1. Mgonjwa anayeshukiwa kuwa na kipindupindu akifika usiku, nani hutuma taarifa?
2. Nani hupaswa kujibu, na kwa muda gani?
3. Mtandao ukikatika, njia ya pili ni ipi?

Swali lisilo na jibu ndipo taarifa itakapokwama.